Nyumba Isiyopigwa Msumari

Mimi ndiye niliyewaletea watu wa huku picha. Wenye wivu wa Sirari wakisoma hapo watacheka, maana wananijua, lakini waacheni wacheke. Ukitoka mpakani ukaja mpaka Tarime, ukashuka Genkuru kwa wachimba dhahabu, ukavuka mpaka Ringwani kwa wakulima wa mahindi, kila bati lenye dishi nimelifunga mimi au amelifunga mtu niliyemfundisha mimi. Kama si mimi wala si huyo, basi limefungwa vibaya, na mvua ikinyesha utakuja kunitafuta.

Shule niliishia darasa la nne. Nilianzia Sirari nikichaji betri za watu kwenye kibanda cha mabati, mikono imeliwa na asidi mpaka leo vidole viwili havina kucha nzuri. Kutoka kwenye betri nikaingia kwenye redio, kutoka kwenye redio nikapanda juu ya mabati na madishi. Leo nina duka Tarime mjini, nina jingine Sirari, nina nyumba ya vyumba vingi yenye geti linalojifungua lenyewe. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nimejijenga tofali kwa tofali, na sijawahi kushuka juu ya nyumba ya mtu nikamwambia samahani, picha imekataa.

Nyumba moja tu iligoma nisifunge dishi. Humo ndimo alimokuwa amelala baba yangu.

Ipo mlimani, nje kidogo ya mji. Ni ya mawe, kuta zake nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kujinyoosha dirishani akalala usingizi. Wajerumani waliijenga, Waingereza wakaikalia, serikali yetu ikairithi, kisha ikaandikishwa kuwa jengo la kumbukumbu. Mbele kuna kibao kinachosema hivyo, na chini yake makatazo: usitoboe, usipake rangi, usipigilie, usiondoe wala usiongeze kitu. Kibao chenyewe hakikugusa ukuta. Kimesimama uani kwenye nguzo yake, mbali, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Baba alikuwa mlinzi wa nyumba hiyo tangu ujana wake. Walimpa vyumba viwili vya nyuma, vilivyokuwa vya wapishi wa wazungu. Humo tulizaliwa, humo mama yetu alifia. Na humo hakuna aliyewahi kupiga msumari. Kalenda tuliiegemeza kwenye kopo. Chandarua alikifunga kwenye miti minne aliyoisimamisha ndani ya ndoo za saruji. Koti lake la ulinzi, lile zito la kijani, lilikaa mgongoni mwa kiti miaka yote, na mgeni akija analitoa, anakaa, analipakata kama mtoto mpaka aondoke.

Nikiwa mdogo nilichora ng'ombe ukutani kwa mkaa. Alinichapa kwanza, kisha akachukua kitambaa na maji akamfuta yule ng'ombe polepole, kama anayemwosha mgonjwa.

"Nyumba ya watu hii," alisema. "Sisi tumo, lakini hatumo."

Yeye si mzaliwa wa Tarime. Alizaliwa upande wa Serengeti, ndani kabisa, mahali ambapo siku hizi wanakaa wanyama peke yao na watalii wanapita na magari. Alikuwa kijana hajatahiriwa mipaka ya hifadhi ilipowekwa, wakaambiwa wahame. Mama yake alikuwa amekufa muda mfupi kabla. Walimzika nyuma ya kilima chenye mwamba uliopasuka katikati kama ukwato wa ng'ombe. Siku ya kuondoka walipakia kila kitu isipokuwa jiwe la kusagia la marehemu, maana lilikuwa zito na hakuna mwanamke mwingine aliyetaka kulisagia. Baba na kaka yake wakalibiringisha mpaka kaburini, wakalifudikiza juu yake, wakaondoka na ng'ombe.

Hadithi hiyo aliisimulia mara chache sana. Sisi watoto tulikuwa tukifika kwenye jiwe tunaacha kumsikiliza, tunarudi kucheza.

Basi miguu yake ikaanza kuvimba. Nikampeleka hospitali. Daktari alinitoa nje ya mlango akaniambia moyo wa mzee umechoka, nimrudishe nyumbani, nimpe anachotaka. Mimi nimezoea kuuliza bei ya kutengeneza kitu. Nilimuuliza dawa inapatikana wapi, Mwanza, Nairobi, popote, aseme tu. Akanishika bega. "Nimekwambia mpe anachotaka, baba."

Njiani tulisimama dukani kwangu mjini apumzike. Binti yangu mkubwa, ambaye ndiye anaendesha duka lile, alimkalisha babu yake karibu na runinga kubwa kuliko zote, pua karibu iguse kioo, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu. Ilikuwa jioni na chaneli ya wanyama ilikuwa imeanza kipindi chake cha kila wiki. Nyumbu wakawa wanapita, wengi, kama siafu. Mimi nilikuwa nabishana na mteja juu ya rimoti. Nikasikia kiti kinaanguka.

Baba alikuwa amesimama. Mtu ambaye tulimbeba kumtoa kwenye gari.

"Pale!" alisema, kidole kwenye kioo. "Mura, njoo. Pale pale!" Mura kwetu ni kijana wa kiume.

Nikaona kilima, na juu yake mwamba uliopasuka kama ukwato. Mtangazaji akasema wiki ijayo watazunguka upande wa pili wa kilima hicho, kwenye malisho ya nyamera. Halafu likaja tangazo la sabuni.

"Mrudishe," baba aliniambia.

"Hairudi, baba. Si kanda hii."

"Amesema upande wa pili. Upande wa pili ndiko aliko mama."

Alikaa chini, akanitazama na yale macho ya ukungu. "Wewe si huwa unasema hakuna picha inayokushinda?"

"Hakuna."

"Basi niletee upande wa pili. Baada ya hapo sitakusumbua tena."

Watu wataniuliza, kwa nini usimpeleke kwako, wewe mwenye geti linalojifungua? Hao hawatujui. Kwetu baba halali kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wangu kwake ni mkwe. Kuna vyumba vya nyumba yangu ambavyo baba yangu hakuwahi kuona milango yake, na hatukuona ajabu. Na kumrudisha dukani haikuwezekana. Siku ile ile, kwenye kupanda mlima, alizimia mikononi mwa binti yangu, tukasimamisha gari tukimpepea kwa kofia yangu. Simu pia haikufaa, kwa macho yale kioo cha simu kilikuwa mwanga tu. Halafu zaidi ya yote alikuwa mlinzi. "Lindo haliachwi," alisema. "Nitakufa hapa hapa kwenye zamu."

Kwa hiyo picha ingemfuata yeye. Nikasema kazi ndogo.

Kesho yake nilipanda mlima na pikapu, dishi jipya nyuma, drili, bolti, ngazi ya alumini. Jua zuri. Niliegemeza ngazi ukutani, nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, nikasikia ubao wa kitanda unalia ndani, kisha fimbo inagonga sakafu. Alitoka. Sijui alitokaje. Akasimama mlangoni ameshika fremu kwa mkono mmoja na rungu la ulinzi kwa mkono mwingine.

"Unapanda wapi?"

"Nafunga dishi, baba."

"Juu ya kichwa changu?"

Hapo nikautoa mguu kama nimekanyaga moto. Nilikuwa nimepanda mapaa ya watu maisha yangu yote mpaka nikasahau la kwetu. Mtoto wa kiume hapandi juu ya nyumba aliyomo baba yake akiwa hai. Ukimwona mwanamume amekaa juu ya paa la baba yake, kwetu hiyo ni taarifa ya msiba, huhitaji kuuliza.

"Una haraka?" akaniuliza. "Ungeningoja kidogo tu."

"Nimesahau, baba. Nitamwita fundi wangu, Msukuma, mwiko wetu haumhusu. Atapanda yeye."

"Na hiyo?" Akaonyesha drili kwa rungu. "Hiyo Msukuma ataishikaje, kwa mdomo? Mimi nimewafukuza wakubwa wakitaka kuandika majina yao kwenye haya mawe. Nilimfukuza padri. Leo nimtoboleshe mwanangu?"

"Ni tundu dogo."

"Na mwizi wa ng'ombe mmoja ni mwizi mdogo?"

Nilipakia vitu vyangu. Wakati narudisha ngazi kwenye gari nilimsikia anahema pale mlangoni, anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Nilitaka kumshika mkono kumrudisha kitandani, akaniambia nimalize kwanza kuondoa takataka zangu ukutani kwa watu.

Nikamtafuta afisa wa mambo ya kale. Alikuwa kijana mpole, suruali yake imepigwa pasi mstari unakata. Alikuja mlimani, akamwamkia baba shikamoo kwa heshima, akalizunguka jengo na mimi nyuma yake nikimweleza mimi ni nani. Nilimwambia nimefunga madishi kwa watu wazito ambao yeye hawezi kufika hata kwenye geti lao.

"Sikatai, kaka," alisema. "Lakini hii nyumba inatakiwa ionekane kama kwenye picha yake ya zamani. Kwenye picha ya zamani kuna dishi?"

"Hakuna."

"Basi."

"Nikiliweka uani kwenye nguzo?"

"Ua nao umeandikishwa."

"Nikichimba nipitishe waya chini?"

"Ukichimba utatoa kitu cha kale, halafu tutaonana mahakamani mimi na wewe tukiwa marafiki." Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamweleza habari ya kilima, na jiwe, na daktari, na kwamba siku zenyewe zinakwisha. Akaacha kucheka. Akasimama muda anakung'uta vumbi kwenye mstari wa suruali.

Sasa mimi akili yangu haikujifunzia darasani, inakuja nikiwa nimebanwa. Niliinua macho nikaona paa. Paa la nyumba ile ni vigae vya udongo, vya zamani, si bati. Bati linakataa mawimbi, linayatupa nje kama mlevi. Kigae kinayapitisha. Na kutoka mlimani pale ziwa linaonekana, upande wa Musoma ambako mawimbi ya antena yanatokea. Huku kwetu kila mtu anadhani bila dishi huoni kitu, na mimi nimekula kwa imani hiyo, siwezi kuisema vibaya. Lakini chaneli ya wanyama ilikuwa inapatikana hata kwa antena ya kawaida, ile ya mifupa ya samaki.

"Afisa," nikasema, "kibao kinakataza kupigilia. Kinakataza kufunga kwa mpira wa baiskeli?"

Akafikiri. "Hakijasema."

"Kitu kikiwa ndani ya dari, chini ya vigae, kitaonekana nje?"

"Hakitaonekana."

"Kikitolewa hakitaacha hata mkwaruzo."

"Una uhakika?"

"Mimi?" nikamwambia. "Uliza kuanzia mpakani."

"Basi sijaona kitu," akasema afisa, akamuaga baba, akaenda zake.

Likabaki la nani aingie darini. Dari ya vyumba vile imepita sawasawa juu ya kitanda cha baba. Nilijaribu kujitetea kwamba darini si juu ya paa, ni chini yake. Baba akaniuliza kama miguu yangu ingekuwa juu ya uso wake au chini ya uso wake.  Yule Msukuma wangu alikuwa na unene wa pipa na mlango wa darini ulijengwa kwa mtoto wa mpishi.

"Nitaingia mimi," binti yangu akasema. Alikuwa amekuja nami kubeba vifaa, ameshavua viatu.

Nikamtazama baba. Mjukuu kwetu ni mwenzake babu, wanataniana, hakuna mwiko unaowakaa. Mzee akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Nyumba ni yake. Mke akitaka kufagia darini nani amzuie? Panda, bibi. Ukikuta bibi yako mkubwa huko juu mwambie nakuja."

"Nitamwambia umeoa mdogo," binti yangu akajibu kutoka juu, vumbi linamwagika kwenye chandarua.

Ilikuwa siku ya kipindi chenyewe, mchana. Betri niliweka chini ya kitanda, paneli ya sola nikailaza kwenye majani uani bila kufunga chochote. Runinga, ile ile ya dukani, tuliisimamisha juu ya kiti, na koti la ulinzi likahamia kitandani. Binti akafunga antena kwenye mbao za kenchi zinazobeba vigae kwa vipande vya mpira, waya akaushusha kwenye upenyo wa mlango wa darini. Mimi nikakaa mbele ya kioo napiga kelele.

"Geuza kuelekea ziwani!"

"Ziwa liko wapi? Huku giza!"

"Kushoto kwako!"

"Kushoto kuna popo!"

"Mwambie popo asogee!" baba akasema. Alikuwa amekaa, mito mitatu mgongoni, midomo yake rangi ya majivu. Sijamwona akifurahi vile tangu mama azikwe.

Picha ikaja, ikavunjikavunjika, ikaja tena, ikatulia. Nakwambia ilitulia kama maji kwenye beseni. Mimi nimefunga picha kwa watu wengi lakini ile nilishindwa kushangilia, nilikaa tu sakafuni nikiwa nimeushika waya. Binti akashuka uso mzima umejaa masizi ya wapishi wa wazungu.

Tukangoja jioni. Baba hakutaka kula. Alitaka kuelezwa kila kitu kinachopita, hata matangazo. Jua likazama, kipindi kikaanza. Mtangazaji yule yule. Kilima kile kile. Wamerusha kamera angani, na kamera ikaanza kuzunguka, polepole, na mwamba ukawa unageuka kama mtu anayekupa mgongo. Tulikuwa wote watatu karibu na kioo, kichwa cha baba katikati yetu.

Upande wa pili kulikuwa na majani. Hilo tu. Majani mpaka macho yanakoishia, na mti mmoja wa mgunga. Hapakuwa na zizi, hapakuwa hata na duara la zizi. Nyamera walikuwa wanakula. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kitu, kama wanavyosimama kuangalia mbali, na mimi nikasema moyoni ni kichuguu.

"Amesimama juu ya nini?" baba akauliza.

Binti yangu akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Jiwe, babu."

"Lina umbo gani?"

"Bapa. Limeinuka katikati."

"Ni tumbo lake hilo," akasema baba. "Tulilifudikiza. Ndilo."

Akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya yule nyamera na juu ya jiwe, akafunika vyote. Mtangazaji alikuwa anaongea muda wote huo kwa sauti ile ya kupendeza wanayofundishwa. Baba masikio yake yalikuwa mazito. Akageuka.

"Huyu anasema nini?"

Mimi nilikuwa nimemsikia. Nikamkonyeza binti yangu akae kimya. Yeye akanitazama, akamtazama babu yake, na nikajua hatanitii. Wale wawili hawakuwahi kudanganyana ila kwa utani.

"Anasema ni ardhi safi, babu. Anasema tangu dunia iumbwe, hapo hapajawahi kukaa watu."

"Hapajawahi?"

"Ndivyo anavyosema."

Kiganja kikabaki kwenye kioo. Kamera ilikuwa imeshahama, sasa ni mto, mamba, vitu vingine. Baba hakukitoa mkono.

"Zima," alisema.

Nikazima. Chumba kikawa giza na hakuna aliyewasha taa. Nikaanza kusema, unajua mimi, nikasema nitamtafuta huyo mtangazaji, nitampigia, nawajua watu, nitamwambia ukweli. Baba akanikatiza.

"Mura, lala."

Asubuhi nilimkuta macho. Nadhani hakulala. Alikuwa anautazama ukuta wa mbele ya kitanda, ule ule niliomchorea ng'ombe. Akaniuliza kama kwenye gari nina misumari.

"Ya kila namna. Ya nini?"

"Lete mmoja. Ule mkubwa unaofungia madishi."

Nilidhani akili imeanza kumtoka. Nilileta ili nisimbishie. Akautoa mkononi mwangu, akaupima, akaomba tumwinue. Tulimshika huku na huku, mimi na binti yangu, miguu yake ile imevimba haikanyagi vizuri, tukamfikisha ukutani. Akapapasa kwa vidole akatafuta chokaa katikati ya mawe mawili. Aliujua ukuta ule kuliko aliyeujenga. Akaweka ncha. Akaomba nyundo.

"Baba," nikasema. "Jengo la watu."

 Akapiga. Nyundo ikateleza, ikagonga jiwe, ikaacha alama nyeupe. Akapiga tena, na tena, hakuna nguvu, msumari ukasimama kwenye ncha tu, umeinama kidogo. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu. Akanipa nyundo bila kunitazama.

"Maliza wewe. Hii ndiyo kazi yako."

Nikapiga. Nyumba ile nilizaliwa ndani yake na ndiyo mara ya kwanza nilisikia mlio huo humo ndani. Ulikwenda mpaka vyumba vya mbele vya wazungu ukarudi. Niliupiga mpaka ukaingia nusu, nikaupinda kichwa juu kidogo, kama tunavyofanya ili mzigo usiteleze.

"Koti," akasema.

Binti yangu akalileta. Baba alilitundika mwenyewe, akalinyoosha mabega, akafunga kifungo cha juu. Tukamrudisha kitandani. Akalala ubavu, akilitazama.

Runinga ilibaki kwenye kiti siku zote zilizofuata na hakuomba iwashwe. Watu wa kanisani walipokuja kumwombea, mmoja akataka kuiwasha mzee achangamke, akamwambia aiache. Akipata nguvu alimtania binti yangu, akimwuliza ni mume gani mwingine mjini ana kabati la ukutani. Halafu utani ukaisha, ikabaki kuhema. Mimi nilikaa sakafuni nimeegemea ndoo ya chandarua. Mtu mwenye maduka mawili, sina cha kufanya na mikono. Alikufa alfajiri, uso kwenye koti, na mimi na binti yangu tu chumbani.

Tulimzika Tarime, kwenye shamba nililonunua mimi. Kaburi nimelijengea vizuri, kwa vigae, hakuna kaburi kama lile pale. Watu wanasimama kuliangalia.

Baada ya mazishi tuliondoa vitu vyetu. Antena ilitoka darini, mpira ukafunguliwa, binti yangu akapangusa mbao kwa kitambaa, na kweli kama nilivyoahidi haukubaki hata mkwaruzo. Ungeapa picha haijawahi kufika mle ndani. Afisa alikuja kukabidhiwa vyumba. Akatazama dari, akaridhika, akanipa mkono. Kisha akaona koti.

Akalisogeza kwa kidole. "Kaka. Hii nini?"

"Msumari."

"Nani ameupiga?"

"Mlinzi."

"Marehemu?" Alikuwa anamjua baba tangu anaanza kazi. Baba alimkemea hata yeye siku moja kwa kuegemea ukuta. "Hawezi kufanya hivyo. Haiwezekani."

"Amefanya."

 Akasema anaelewa, poleni na msiba, lakini lazima utoke, na chokaa irudishwe kama ilivyokuwa, mimi nina vifaa, niutoe tu taratibu. Nilikuwa na nyundo ya makucha kwenye gari, karibu tu. Binti yangu alikuwa mlangoni na ndoo ya mwisho mikononi.

"Utoe wewe," nikamwambia.

Akalitoa koti, akalikunja vizuri, akampa binti yangu. Akaushika msumari kwa vidole akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani, akakumbuka, akauondoa. Nilimwacha avute. Mimi nikifunga kitu hakitoki.